Msamaha wa Mzee Honi

Watu huenda idara ya mazingira kuomba, kubembeleza, kulalamika, na mara mojamoja kutukana. Kurudisha, hakuna aliyewahi. Ndiyo maana asubuhi ile, Mzee Honi aliposimama mbele ya dirisha la masjala, akasukuma bahasha ndani na kusema, "Naomba mnipokelee hii, siitaki tena," karani alimtazama kama mtu aliyeleta kitanda benki.

"Huitaki nini, mzee?"

"Huo msamaha wangu."

"Umeharibika? Jina limekosewa?"

"Hauna kasoro. Mwenye kasoro ni mimi."

Karani alivuta droo, akaifunga, akavuta nyingine. Alikuwa na mhuri wa kupokea maombi, mhuri wa kukubali na mhuri wa kukataa, huo wa kukataa ukiwa umelika kwa kazi nyingi. Mhuri wa kurudishiwa hakuwa nao. Mwisho akafanya alilokuwa akilifanya kila akili ilipomgota: akaichukua bahasha pamoja na mwenyewe, akavipeleka vyote viwili kwa Bi Subiri.

Bi Subiri halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na waombaji. Kila aliyemwendea na haraka zake aliambiwa subiri: subiri nikaone mwenyewe, subiri mvua inyeshe nijue maji yanaelekea wapi, subiri upepo ugeuke ninuse huo moshi. Kuna mwenye kiwanda cha sabuni aliyesubirishwa mpaka akaanza kumletea salamu za watoto wake. Jina hilo alilijua, na kusema kweli lilimpendeza. Katika ofisi ambamo mafaili yalipita haraka kuliko upepo, yeye alikuwa breki, na alijivunia.

Katika mji ule, anayetaka kujenga kituo cha mafuta ni lazima kwanza afanyiwe tathmini ya mazingira. Wataalamu wanapima udongo na maji, majirani wanaitwa kikaoni wanasema yao, halafu ndipo uamuzi unatolewa. Ni safari ndefu, na wengi huikimbia. Lakini kuna kipengele kinachomsamehe mwenye kituo kidogo asipitie yote hayo, mradi kiwanja chake kilikuwa gereji tangu zamani na hakuna kisima cha maji ya kunywa ndani ya mita mia tatu. Kiwanja cha Mzee Honi kilikuwa gereji. Kisima kilikuwa mbali. Akasamehewa, na saini iliyo chini ya msamaha ule ilikuwa ya Bi Subiri.

Mzee alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi likasimama lenyewe.

"Mwanangu," alisema, "tulipima vibaya."

"Tulipima?"

"Mimi na wewe. Ila zaidi mimi, maana usukani ulikuwa mikononi mwangu."

Hapo Bi Subiri akaikumbuka ile siku ya ukaguzi, na kwa mara ya kwanza kumbukumbu yake haikumchekesha.

Mzee Honi alikuwa dereva wa lori tangu ndevu zilipomwota. Jina alilipata kwa sababu hakuweza kumpita mtoto barabarani bila kumpigia honi, na watoto wakajua, wakawa wanamngoja. Miji aliijua yote, lakini kwa njia zake tu. Ukimuuliza hospitali iko wapi, atakwambia unapanda kwa gia ya pili, unakunja kushoto penye shimo. Ukimuuliza kilicho nyuma ya hospitali, hajui, maana lori halipiti huko. Kwake yeye umbali ulikuwa kitu kinachosomwa kwenye dashibodi.

Basi siku ile alimchukua Bi Subiri kwenye pikapu ya kuazima, akarudisha namba za kipimo kwenye sufuri pale langoni mwa kiwanja, wakaenda kukitafuta kisima cha karibu kuliko vyote. Walipita soko, wakavuka daraja dogo, wakauzunguka uwanja wa mpira, wakateremka kando ya shule, wakakunja mara mbili, mpaka wakaingia kwenye ua wa madobi. Kilomita moja na ushee. Njia nzima mzee alikuwa akimsimulia juu ya shehena ya bata waliofunguka katikati ya mlima, na jinsi askari wa barabarani alivyojaribu kuwaamuru wasimame. Bi Subiri alicheka mpaka kamasi zikamtoka. Alishuka akafuta machozi, akakiona kisima, akasalimiwa na madobi, akaandika ule umbali kwa mkono wake. Yeye, aliyewasubirisha watu mvua mbili kwa ajili ya mtaro, alipakiwa kwenye gari akachekeshwa, akasahau kutazama nyuma ya ukuta wa kiwanja.

"Wiki hii mafundi walianza kuchimba shimo la tangi," Mzee Honi aliendelea. "Mimi nimeweka kiti changu cha lori pale nyuma, nimekiegemeza ukutani, niwasimamie. Nikasikia kapi ya kuvutia ndoo inalia upande wa pili. Halafu vicheko vya wanawake. Halafu povu likapita chini ya ukuta, likanilowesha viatu. Nikachukua ngazi ya mafundi, nikachungulia."

"Ukaona nini?"

"Ua ule ule. Kisima kile kile. Na yule mama aliyetukaribisha siku ile, amesimama na ndoo. Akaniuliza, 'Mzee, umepotea njia?' Nikamwambia ndiyo, mama, nimepotea sana." Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Kutoka ukutani mpaka kisimani ni kama hapa mpaka pale kwa karani. Barabara ndiyo inayozunguka, mwanangu. Petroli ikivuja haiendi kutafuta barabara."

Uso ulimwaka Bi Subiri. Aliona aibu, tena aibu ile inayoanzia masikioni. Aliitazama saini yake chini ya msamaha akatamani iwe ya mtu mwingine.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Na sasa wewe."

"Ungenyamaza, mzee, hakuna ambaye angegundua."

"Ningekuwa nakaa pale kila siku naisikia ile kapi," alisema Mzee Honi, kana kwamba hilo lilitosha. Akavaa kofia, akaaga, akaondoka bila bahasha.

Mkuu wa idara alikuwa mtu mpole aliyependa mafaili yaliyofungwa. Alimsikiliza Bi Subiri hadi mwisho, akainuka akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Msamaha ukishatoka umetoka," alisema. "Tukianza kupokea vinavyorudishwa, kesho tutaulizwa vile vingine vilitolewaje. Mpelekee mwenyewe nyumbani kwake. Mzee amechoka tu, akipumzika itampita."

"Na kisima, mkuu?"

"Kisima kimekuwa jirani na gereji miaka yote. Nawe dada yangu jifikirie. Saini ile ni yako, si yangu."

Bi Subiri aliichukua bahasha. Na tusimpambe kwa sifa ambazo hakuwa nazo siku hiyo: njiani alikuwa akiomba mzee akubali kuipokea. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mume ambaye kazi yake ilikuwa ya msimu, na maneno ya mkuu yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye mifupa.

Mzee Honi hakuwepo nyumbani. Mkewe ndiye aliyemkaribisha sebuleni, chumba kidogo kisafi chenye saa ya ukutani na viti viwili vya mito vilivyotazamana. Kimoja kilikuwa kimebonyea katikati na kitambaa chake kimepauka. Kingine kilikuwa kipya kabisa, na Bi Subiri alipotaka kukaa pale, akasita.

"Kaa tu," alisema mke wa mzee. "Unakionaje?"

"Kizuri. Mmekinunua lini?"

"Siku moja na hiki changu. Kifungua mimba wetu alikuwa bado tumboni, na leo ana watoto wake." Alikaa kwenye kile kilichobonyea. "Hajapata nafasi ya kukichakaza, mwanangu. Mimi nimeolewa na barabara. Kituo kile ndicho kilichokuwa kinikalishie mume wangu hapa. Lori tumeuza ili tupate kiwanja. Kikikataliwa, atakwenda kumwendeshea mtu lori lake, kwa umri ule, na mgongo ule."

Bi Subiri akaiona njia. "Ndiyo maana nimekuja, mama. Mkuu wangu anasema msamaha bado ni halali. Mzee akiuchukua, hakuna neno."

Yule mama aliichukua ile bahasha, akaipapasa bila kuifungua. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa na anamjua aliyemshinda.

"Sikufichi, nilimlilia anyamaze. Nilimwambia hao madobi wamelamba oili ya gereji miaka yote na sauti zao bado zinapasua mabati. Hakunijibu. Akaenda kuoga. Na mume wangu akienda kuoga katikati ya ugomvi, ujue ameshaamua. Aliolewa nami hivyo hivyo." Akajisahihisha, "Alinioa," na wote wawili wakacheka. "Basi nikafanya nini? Nikampigia pasi shati la kuja kwenu."

Mlango ukafunguliwa, Mzee Honi akaingia na mkate kwapani. Aliiona bahasha kabla hajamwona mgeni.

"Binti," alisema kwa upole, "hiyo ukiiacha hapa nitaileta kesho. Ukiirudisha, nitaileta kesho kutwa. Na kwenu pale dirishani foleni ni ndefu, mtanichosha bure."

Bi Subiri aliwatazama wazee wale wawili, mmoja ameshika mkate na mwingine amekaa kwenye kiti kilichobonyea kwa kungoja, na akajisikia mdogo kuliko umri wake. Walikuwa wameiweka rehani starehe yao yote ya uzeeni kwa ajili ya watu wasiowajua hata majina, na hawakuonekana kudhani kwamba wamefanya jambo la kusimuliwa. Alipotoka pale hakurudi nyumbani. Alirudi ofisini, akaandika barua ya kuufuta ule msamaha, na kwenye nafasi ya sababu akaandika kwamba afisa mkaguzi, yaani yeye, hakuzunguka kiwanja kwa miguu.

"Unajimwagia unga mwenyewe," mkuu alimwambia alipoisoma.

Alipewa onyo, akaondolewa kwenye shauri lile. Tathmini kamili ikaagizwa, na wataalamu watatu wakaletwa kutoka mji mwingine. Kazi aliyoachiwa Bi Subiri ilikuwa kuandika kumbukumbu za kikao cha majirani na kukaa kimya.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule, juu ya mabenchi ya watoto, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakigusa videvu. Madobi walikuja wote na aproni zao. Mzee Honi alikaa benchi la mbele na mkewe, ambaye alikuwa amekumbatia mkoba kama atakayenyang'anywa.

Mwenyekiti wa wataalamu, mwanamke mwenye miwani minene na sauti ya kuchoka, alieleza bila kupaka rangi. Udongo ni wa mchanga na maji ya chini yanatembea kutoka kiwanjani kwenda kisimani. Matangi ya kuta mbili yangepunguza hatari, ila yasingeiondoa. "Kwa hiyo sisi tumefika katikati," alisema. "Tumekubaliana kwamba neno la wanaokunywa maji yale ndilo litakaloamua. Wakiridhia, mzee atajenga kwa masharti. Wakikataa, hatajenga."

Kiongozi wa madobi alisimama. Walimwita Mama Povu, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji tangu vidoleni mpaka viwiko.

"Mzee huyu namjua!" alianza. "Alikuja uani kwetu na gari, anatuchekea, anatupungia mkono, kumbe anatupimia makaburi! Tukampa na maji akanywa! Halafu akapanda ngazi, akatuchungulia kama mwizi wa kuku. Sisi hatuna magari, hatuna vituo, hatuna wa kutusemea maofisini. Tuna kisima. Na hata hicho yeye amekitolea macho!"

Ukumbi ulilipuka. Mwingine alisimama akamwita bepari, asiyejua kwamba bepari yule alikuja kwa miguu. Mwingine akauliza kama anao wajukuu na kama angewapikia uji kwa petroli. Mke wa Mzee Honi alikuwa ametazama sakafu.

Kalamu ya Bi Subiri ilisimama. Hakuweza kuandika yale. Sentensi moja tu ingewanyamazisha wote: kwamba kikao kile kisingekuwepo, wala wao wasingejua lolote mpaka siku maji yatakaponuka, kama si mzee huyo wanayemtukana. Akaweka kalamu chini, akaanza kuinuka, onyo au si onyo. Mzee Honi akamwona. Akatikisa kichwa, mara moja, kidogo tu, na macho yake hayakuwa yakiomba, yalikuwa yakiamuru. Bi Subiri akakaa. Alidhani mzee anailinda kazi yake.

"Mzee, una la kujibu?" aliuliza mwenyekiti.

Mzee Honi alisimama, kofia mkononi. Kila mtu alingoja kusikia uongo gani utatoka.

"Sina," alisema. "Kisima kipo, na kiko karibu kama wanavyosema. Waandikieni yote." Akakaa.

Mwenyekiti akaomba mikono. Waliokataa waliinua mikono, na hapakubaki mkono chini upande ule wa ukumbi. Ombi la kujenga kituo cha mafuta kwenye kiwanja kile likakataliwa pale pale, mbele ya mwenyewe. Madobi walipiga vigelegele. Mke wa Mzee Honi alifungua mkoba, akatoa leso, akajifuta uso, kisha akampa mumewe ajifute na yeye.

Watu walipoanza kutoka, Mama Povu alikuja moja kwa moja mezani kwa Bi Subiri, akamkamata mikono yote miwili.

"Ni wewe uliyeufuta ule msamaha, nimeambiwa. Bila wewe, mwanangu, tungeangamia. Tunakushukuru sana. Nguo zako kuanzia leo tutazifua sisi."

Mzee Honi alikuwa akipita na mkewe kuelekea mlangoni. "Mshukuruni," alisema, na alimaanisha. "Ni mtu mwema huyu."

Hapo Bi Subiri akashindwa. Uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa, hakuna neno lake ambalo lingeugeuza, na shukrani ile ilikuwa ikimchoma mikononi. "Msinishukuru," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Mimi ndiye niliyeutoa ule msamaha. Nilikuja uani kwenu kwenye gari la mzee, nikakiona kisima, nikashindwa kutambua kwamba ukuta wenu ndio wa kiwanja chake. Mzee aliugundua peke yake, na hakuna aliyejua. Akauleta msamaha ofisini mwenyewe. Tukamrudishia, akakataa kuupokea. Kikao hiki amewaitieni yeye."

Madobi walisimama walipokuwa. Mmoja aliyekuwa akipiga vigelegele alibaki na mkono mdomoni. Mama Povu alimwachia Bi Subiri, akageuka taratibu, akamwendea mzee mpaka wakawa uso kwa uso, na ule mdomo uliotikisa ukumbi ukawa unatafuta pa kuanzia.

"Mzee, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na umekaa pale tunakutukana, mama huyu anasikia, umenyamaza? Kwa nini hukutuambia?"

Mzee Honi alivaa kofia yake, akamshika mkewe mkono.

"Mngenionea haya," alisema, "mkanikubalia."